Jjajja Askari na Hati ya Mailo: Historia za Ukoo Kilimani Lubaga

Ukizisikiliza familia za Kikatoliki zenye asili yake kilimani Lubaga, Kampala, mara nyingi utamkuta jjajja, yaani babu, aliyepigana vita. Alipigana na nani na chini ya jemadari gani, hayo hutegemea msimulizi, lakini bunduki haikosekani. Hoja yangu ni kwamba heshima ya askari huyo katika masimulizi ya ukoo imepimwa kwa ardhi aliyoandikiwa baada ya Mkataba wa Buganda na Waingereza wa tarehe 10 Machi 1900. Aliyoyatenda vitani yamewekwa nyuma ya hati.

Vita vyenyewe havina utata mkubwa. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliwapa Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, kilima cha Lubaga mwaka 1889, kilima ambacho zamani Mutesa I alikuwa na ikulu yake. Tarehe 24 Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipambana Mengo. Kapteni Frederick Lugard, mtu wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, aliwagawia Waprotestanti bunduki, kisha akawaingiza vitani askari wake pamoja na bunduki ya Maxim. Kanisa la Lubaga liliteketea. Wakatoliki walikimbilia kisiwa cha Bulingugwe na hatimaye Buddu. Kwa hiyo jjajja wa Lubaga alikuwa askari wa upande ulioshindwa, jambo ambalo wajukuu hulipitia haraka sana.

Tuwatazame viongozi wawili. Honorat Nyonyintono alihasiwa kwa amri ya Mwanga katika mateso ya Wakristo ya 1886. Mwaka 1888 alifanywa Katikiro, yaani waziri mkuu, na Wakristo walipofukuzwa mjini mwaka huohuo aliwaongoza Wakatoliki hadi Kabula. Aliuawa mwaka 1889 katika vita vya kumrudisha Mwanga, aliyekuwa ameng'olewa 1888. Stanislaus Mugwanya alipitia misukosuko hiyohiyo, lakini yeye aliishi. Mwanga alipowaasi Waingereza na kung'olewa tena mwaka 1897, Mugwanya akawa mmoja wa watawala watatu waliomshikia kiti mwanawe, Daudi Chwa, aliyekuwa bado mtoto mchanga. Wenzake walikuwa Apolo Kagwa na Zakaria Kisingiri. Mkataba wa 1900 ulimpa kila mmoja wao maili za mraba 16 ziwe mali yake, na 16 nyingine za cheo chake. Jina la Mugwanya likaendelea kusikika katika siasa: mwaka 1955 Matayo Mugwanya aligombea Ukatikiro akashindwa na Michael Kintu, kisha akaongoza Chama cha Demokrasia. Nyonyintono hakuwepo orodha ya waliopewa ardhi ilipoandikwa. Kama ushujaa ndio ungekuwa kipimo, sioni kwa nini atajwe mara chache kuliko waliorithi uongozi wake.

Mkataba ulitenga maili za mraba 8,000 kwa machifu na wamiliki binafsi 1,000, ardhi iliyokuja kuitwa mailo. Lukiko, baraza la Buganda, ndiyo iliyoamua nani aingie, na mwishowe waliopewa walizidi 3,000. Hata hivyo, mtu aliyebeba bunduki ya bwana wake mwaka 1892 alibaki mpangaji katika ardhi ya bwana huyohuyo. Hati ikasajiliwa, ikarithiwa, ikagombewa mahakamani; na ilipogombewa, mdai aliweza kuhitaji kusimulia asili ya mwenye ardhi. Hivyo ndivyo masimulizi ya baadhi ya mababu yalivyonolewa kizazi hata kizazi, huku ya wengine yakipata kutu.

Linganisha na Marekani, ambako kumtafuta babu aliyepigana vita vya uhuru vya 1775 hadi 1783 ni shughuli ya watu wengi, na chama cha mabinti wa mapinduzi hayo, kilichoanzishwa mwaka 1890, hudai ushahidi wa nasaba kabla ya kumpokea mwanachama. Ushahidi mwingi unatoka katika majalada ya pensheni. Sheria ya 1818, pamoja na marekebisho yake ya 1820, iliwataka askari wazee wathibitishe kuwa ni wahitaji, kwa hiyo mkulima fukara alikwenda mbele ya hakimu akaapa, akataja kikosi chake, afisa wake na vyombo vichache vya nyumbani mwake. Sheria hiyo ilikuwa bahili, lakini umaskini ndio uliomwingiza askari katika kumbukumbu. Buganda, umaskini ulimtoa.

Najua pingamizi litakalotolewa: Mganda hahitaji hati ili akumbukwe. Kuna ngazi za ukoo, tangu kika, yaani ukoo wenyewe, hadi ssiga, mutuba, lunyiriri na luggya. Kuna mrithi anayesimikwa siku ya kwabya lumbe, yaani kuhitimisha matanga, na kukalia nafasi ya marehemu, hata asiyeacha mtoto akapata wa kumwakilisha. Pingamizi hili lina uzito. Ila kumbukumbu ya kika imefungamana na butaka, yaani ardhi ya makaburi ya ukoo, na sehemu ya ardhi hiyo iliangukia mikononi mwa wenye mailo. Ndiyo maana Bataka, viongozi wa koo, walisimama katika miaka ya 1920, James Miti akiwa miongoni mwa vinara wao, wakidai makaburi ya mababu yamepewa wageni. Sheria ya busuulu na envujjo, yaani kodi ya ardhi na tozo la mazao, ya 1928 ilimlinda mpangaji asitozwe na kufukuzwa ovyo, lakini haikuwarudishia wenye makaburi ardhi yao. Kumbukumbu ya mdomo, basi, haikusalimika na orodha ya 1900.

Kwa hiyo vitabu vya ubatizo ndivyo vinavyostahili kusomwa kwanza. Padre aliandika jina la mbatizwa na la msimamizi wake, awe chifu au mchota maji, na wasimamizi hao ni dalili nzuri ya nani alikuwa mtu wa nani katika miaka ya vita. Nawaomba wanaoandaa vitabu vya ukoo huko Lubaga wamtafute jjajja humo kabla ya kwenda ofisi ya ardhi, na wakishampata, wawaandike pia wale waliosimama naye wakaondoka bila hata ekari moja.