Buni, Mbuni na Kahawa: Historia ya Chungu cha Kukaangia katika Kitale na Bungoma

Mswahili wa Lamu au Mombasa hatatizwi na tofauti baina ya mpunga, mchele na wali. Kitu ni kimoja, lakini kila hatua ya kazi ina jina lake, na anayekosea jina hudhaniwa hajapata kuingia jikoni. Zao la kahawa nalo lina mfuatano wa namna hiyo. Mbuni ni mti. Buni ni tunda lake pamoja na punje iliyomo ndani. Kahawa, kwa maana yake ya asili, ni kile kinachopatikana baada ya buni kukaangwa, kutwangwa na kuchemshwa. Majina yenyewe yametokana na Kiarabu, bunn na qahwa, na la kwanza lina ndugu zake katika Kiamhari na Kioromo. Kiswahili kiliongeza kiambishi cha miti, na msamiati ukatimia. Kati ya buni na kahawa upo moto.

Anayefika Bungoma au Kitale akiwa na msamiati huo hupata taabu kidogo. Mkulima wa huko akisema kwamba ameanika mbuni, hakusudii mti. Mbuni kwake ni tunda lililokaushwa zima pamoja na ganda lake, bila kumenywa wala kuoshwa. Ngeli nayo imehama: pwani husemwa mbuni huu, mibuni hii; huku husemwa mbuni hii, imekauka, imepimwa. Maana hiyo ndiyo iliyoingia hata katika orodha ya madaraja ya kahawa ya Kenya. Mbuni nzito huandikwa MH na mbuni nyepesi ML, na M hiyo ndiyo alama pekee katika orodha hiyo itokanayo na Kiswahili. Inahusu kahawa ya chini. (Kwamba mbuni ni ndege pia, na ni mtu abuniye, ni mgongano wa sauti tu, nao haupaswi kumshughulisha mtu hapa.)

Jinsi jina la mti lilivyoshuka hata likawa jina la makombo ni jambo ambalo sarufi hulieleza nusu tu. Nusu ya pili imo katika historia ya zao.

Kahawa ilipandwa Bura, katika vilima vya Taita, na wamisionari Wakatoliki wa Kifaransa mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya kwanza walowezi wa Kizungu walikaa Trans Nzoia, na baadhi yao wakapanda kahawa chini ya Mlima Elgon. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, mazao yalipata njia ya kwenda baharini. Mwafrika alikuwa mchumaji. Kulima kahawa yake mwenyewe alizuiwa, kwa hoja ya kwamba angeeneza magonjwa ya mimea na kuchochea wizi mashambani, na majaribio ya miaka ya 1930 yaliruhusiwa Kisii, Meru na Embu tu. Ajabu ni kwamba upande wa pili wa mlima huohuo, nchini Uganda, Wagisu, ambao ni ndugu wa Wabukusu kwa nasaba na lugha, walikuwa wakilima kahawa yao wenyewe muda wote huo. Mpaka wa wakoloni ulipita katikati ya ukoo mmoja: huku vibarua, kule wenye mashamba.

Mlango ulifunguka hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Miteremko ya Kimilili, Chwele na Kapsokwony ikajaa mibuni, na vyama vya ushirika vikaundwa. Lakini utaratibu wa kazi ulikuwa umekwisha kuwekwa. Tunda jekundu lilichumwa, likapelekwa kiwandani siku hiyohiyo, likamenywa, likavundikwa, likaoshwa na kuanikwa. Kutoka hapo lilikwenda kukobolewa na kisha kupigwa mnada Nairobi. Chini ya Sheria ya Kahawa, Sura ya 333, Bodi ya Kahawa ndiyo iliyosimamia biashara, na mkulima hakuweza kuuza zao lake popote apendapo. Sheria ya mwaka 2001 ililegeza mambo hayo. Wakati huo kizazi kizima kilikuwa kimeshajifunza kupanda, kupogoa, kupulizia dawa na kuchuma, bila kujifunza kukaanga. Nyumbani kulinyweka chai ya maziwa.

Kilichobaki kwa mwenye shamba ni yale matunda yaliyokaukia mtini, yaliyookotwa chini, na ya mwisho wa msimu. Hayo ndiyo mbuni. Inaelekea kwamba neno lilishikamana na kitu kilichobaki karibu na mti kwa sababu vingine vyote vilikuwa vimeondoka. Na kwa kuwa hicho ndicho kilichobaki, hicho ndicho kilichoingia chunguni.

Ufundi wa chungu ulikuwa umefika mapema zaidi kuliko mibuni yenyewe. Misafara ya biashara kutoka pwani ilikuwa ikipita Mumias katika karne ya 19, na pamoja na dini na lugha ilileta desturi ya kahawa chungu, isiyotiwa sukari. Katika mitaa ya Waislamu ya miji ya bara, buni ilikaangwa, ikatwangwa kinuni, ikachemshwa pamoja na tangawizi, na kumiminwa kutoka katika dele. Basi kwa miaka mingi eneo hili lilikuwa na watu wa aina mbili: waliojua mti bila kinywaji, na waliojua kinywaji bila mti.

Miaka ya Chepkube iliongeza kinaya. Baridi kali ilipoua mibuni ya Brazili mnamo Julai 1975, bei ya dunia ilipanda hata kufikia kilele mwaka 1977. Kahawa ya Uganda, ambayo wakulima wake walilipwa kidogo sana wakati wa utawala wa Amin, ilivushwa usiku hadi soko la Chepkube, mpakani mwa Bungoma. Neno magendo halikupata kutumika kwa wingi kama wakati huo, na Wamugunda Geteria aliandika riwaya ya Kiingereza juu ya kisa hicho mwaka 1985. Magunia yalipita, fedha zikapita. Kilichopita kilikuwa mali, hakuna aliyekionja.

Kazi ya kukaanga yenyewe huwa hivi. Mbuni iliyokauka hutwangwa kwa hadhari hata ganda likapasuka, kisha hupepetwa kwa ungo. Hubaki punje za kijani kijivu, zisizonukia kahawa hata kidogo. Hutiwa katika chungu au karai kavu juu ya makaa, bila mafuta, na mwiko hauachi kuzunguka. Kitendo hiki pwani ni kukaanga. Bara husikika kukaranga, umbo lililohifadhi konsonanti ambayo Kiswahili cha pwani kimeipoteza, na kwa hiyo lisihesabiwe kuwa kosa. Punje hugeuka manjano na kutoa harufu ya nyasi, halafu ya mkate. Joto likikaribia digrii 200 huanza kualika. Wanaotafuta istilahi ya mlio huo katika lugha za kigeni wamesahau kwamba mwaliko, kabla ya kuzoewa kama jina la kadi ya arusi, ni mlio wa kitu kikavu kinachovunjika. Hapo punje hufura, utando wake hubanduka ukawa kapi, na rangi huwa ile ambayo Kiswahili kiliiita kahawia kwa kuitazama kahawa iliyokaangwa. Kiarabu kiliiita kwa jina la bunn.

Mbuni ina taabu yake. Punje zake hazilingani, na ndogo huungua kubwa zikiwa bado mbichi ndani, kwa hiyo mkaangaji hupunguza makaa na kuongeza subira. Baada ya mwaliko wa pili, ulio mwembamba zaidi, mafuta hutokeza juu ya punje, na punje zote humwagwa upesi unguni zikapungwa, kwa sababu huendelea kujikaanga kwa joto lake zenyewe hata baada ya kuondolewa motoni.