Darasa la hasara: Vitabu vilivyowalea walanguzi wa sarafu

Mei 1920, mwanauchumi John Maynard Keynes alifilisika. Miezi michache kabla alikuwa ameitikisa Ulaya kwa kitabu chake juu ya athari za mkataba wa Versailles, na hesabu zake zilimwambia kwamba sarafu za Ujerumani, Ufaransa na Italia lazima zishuke. Akaziuza kwa fedha za kukopa. Zikapanda kwa muda mfupi, na muda huo ukatosha kumaliza mtaji wake na wa ndugu na marafiki waliomwamini. Alisimama tena kwa msaada wa mkopo wa pauni 5,000 kutoka kwa tajiri Ernest Cassel, akarudi sokoni na msimamo uleule. Mwaka 1923 marki ya Ujerumani ilikuwa haina thamani hata ya karatasi iliyochapiwa.

Alikuwa ameisoma Ulaya sawasawa, lakini soko halikumsubiri. Hapo ndipo penye ugumu wa biashara hii ya kununua na kuuza sarafu, hatifungani na bidhaa kwa kutazama riba, bajeti na siasa za nchi nzima. Vyuo vikuu vilifundisha uchumi. Lini uingie sokoni, kwa kiasi gani, na utoke lini ukikosea, hilo mtu alijifunza kwa kukaa karibu na mzoefu au kwa kusoma.

Kusoma kwenyewe kulianza zamani. Mwaka 1688 Joseph de la Vega, mfanyabiashara Myahudi wa Amsterdam, alichapisha kwa Kihispania kitabu cha mazungumzo kati ya mwanafalsafa, mfanyabiashara na mwenye hisa, kuhusu vituko vya soko la hisa za Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki. Ndicho kitabu cha kale kinachotajwa kwanza kila inapozungumzwa historia ya masoko ya hisa.

Kilichosomwa sana katika karne ya 20 kilitoka mwaka 1923, kikiwa kimeandikwa na mwanahabari Edwin Lefèvre. Mhusika wake anaitwa Larry Livingston, lakini wasomaji walijua ni mlanguzi Jesse Livermore, aliyeanza ujanani akiandika bei ubaoni katika ofisi ya madalali mjini Boston. Ndani yake mna onyo juu ya fununu, juu ya kung'ang'ania hasara, juu ya kuuza mapema kinachopanda. Livermore alivuna mamilioni ya dola soko la New York lilipoanguka mwaka 1929, akafilisika mwaka 1934. Mwaka 1940 alitoa kitabu chake mwenyewe cha mafunzo, na Novemba mwaka huohuo akajiua. Kanuni alizijua, kuzishika kulimshinda.

Wakati huohuo, Benjamin Graham na David Dodd wa Chuo Kikuu cha Columbia walifungua njia nyingine kwa kitabu chao cha 1934: kuchambua vitabu vya hesabu vya kampuni moja moja na kusubiri. Njia hiyo ndiyo iliyomlea mwekezaji Warren Buffett. Walanguzi wa sarafu walihitaji mwalimu mwingine.

Walimpata mwaka 1987, msimamizi wa mfuko wa uwekezaji George Soros alipochapisha The Alchemy of Finance. Nadharia yake inachosha, lakini katikati ya kitabu mna shajara inayoanza Agosti 1985, inayoeleza mfuko wake umeshika nini na kwa nini, kabla matokeo hayajajulikana. Alikuwa ameshika yeni na marki, akiamini dola imepanda kupita kiasi. Septemba 22, mawaziri wa fedha wa nchi tano walikutana katika Hoteli ya Plaza, New York, wakakubaliana kuishusha dola. Mwingine angeuza na kufunga faida. Soros aliongeza yeni. Mfuko wake ulikua kwa zaidi ya asilimia 120 mwaka huo. Awamu ya pili ya shajara, mwaka 1986, haikufua dafu, naye akaichapisha vilevile. Oktoba 19, 1987, soko la New York lilishuka kwa asilimia 22.6 kwa siku moja, likampa hasara kubwa mwandishi aliyetarajia mporomoko uanzie Tokyo.

Mwaka 1989 Jack Schwager alichapisha mahojiano na walanguzi mashuhuri, wakiwemo Paul Tudor Jones na Bruce Kovner. Mbinu zao zinapingana, mmoja anafuata michoro ya bei, mwingine habari za benki kuu. Wanachokubaliana ni kimoja: amua kiasi utakachokubali kupoteza kabla hujanunua.

Leo vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanauziwa kozi za foreksi, yaani biashara ya sarafu, kwa picha za faida kwenye simu. Karne tatu za vitabu hivi zinatoa kipimo rahisi cha kumpima mwalimu wa namna hiyo: aonyeshe aliandika nini kabla ya kununua, kwa tarehe, zikiwemo siku alizokosea. Asiye na kumbukumbu hizo anauza picha tu, na picha ya faida haimfundishi mtu lini atoke sokoni.