Baba Wawili, Wana Wawili na Bahari Ndani ya Kioo

Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster Abbey mjini London, aliyaona matumbawe madogo katika pwani ya Torquay, kusini-magharibi mwa Uingereza, akatamani kuyafikisha nyumbani kwake yakiwa hai. Aliyatia katika mtungi wa maji ya chumvi, akasafiri nayo hadi mjini. Maji yalipochakaa na mengine hayakuweza kupatikana upesi kutoka baharini, alimwagiza mtumishi wake wa kike ayamimine kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, kwa nusu saa na zaidi, ili yapate hewa. Baadaye aliongeza mwani. Matumbawe yaliishi, tena yakazaa. Mikono ya mtumishi yule ilifanya kazi ambayo leo hufanywa na pampu ya umeme.

Thynne hakuwa wa kwanza kuifungia bahari chomboni. Miaka kumi na minne kabla yake, huko Messina katika kisiwa cha Sicily, Jeanne Villepreux-Power alitengeneza masanduku ya kioo ili amchunguze pweza mdogo mwenye kombe jembamba aitwaye argonauti, na kwa njia hiyo akathibitisha kwamba mnyama huyo hujijengea kombe lake mwenyewe, wala haliibi kwa mwingine. Lakini ni Uingereza ambako jambo hilo lilitoka katika vyumba vya wataalamu likaingia sebuleni kwa watu wa kawaida. Kodi ya vioo ilifutwa mwaka 1845 na bei ya kioo ikashuka. Reli zilifika pwani, na familia za mijini zikaanza kwenda kupunga upepo kando ya bahari. Kilichokosekana kilikuwa ni maelezo ya namna ya kuwaweka hai viumbe waliorudi nao.

Maelezo hayo yaliletwa na watu wawili hasa. Wa kwanza ni Robert Warington, mkemia wa London. Mwaka 1849 aliweka samaki wawili wa dhahabu katika chombo cha maji baridi pamoja na mmea wa majini. Mmea ulitoa oksijeni na samaki wakaitumia. Samaki walitoa hewa ya kaboni na mmea ukaitumia. Baada ya muda majani makuukuu yalianza kuoza na maji yakavurugika, ndipo Warington akaongeza konokono ili wayale. Maji yakatakata. Mwaka 1850 alichapisha matokeo yake na hoja yake ikapendwa kwa unyofu wake: mmea, mnyama na msafishaji vikiwekwa kwa kadiri, maji hayahitaji kubadilishwa. Punde si punde alianza kuijaribu kanuni hiyohiyo kwa maji ya chumvi.

Wa pili ni Philip Henry Gosse, mtaalamu wa viumbe na mwandishi mwenye kipaji cha kumfanya msomaji atamani kuona alichokiona yeye. Mwaka 1852 alikuwa pwani ya Devon akifanya majaribio yake mwenyewe. Mwaka uliofuata bustani ya wanyama ya Regent's Park mjini London ilifungua jengo la matangi ya kioo kwa ajili ya umma, la kwanza la aina yake, na wengi wa viumbe wake walitoka mikononi mwa Gosse. Mwaka 1854 alichapisha kitabu *The Aquarium*, na neno hilo likaenea duniani. Alitoa pia mapishi ya maji ya bahari kwa mtu aishiye mbali na pwani, yaani chumvi chache za dukani zilizochanganywa kwa vipimo na maji ya kawaida. Kwa mara ya kwanza mkazi wa mji usio na bahari aliahidiwa bahari yake mwenyewe.

Ahadi hiyo ilizua homa. Maduka ya kuuza matangi, chumvi na wanyama yalifunguliwa, na lililojulikana zaidi lilikuwa la William Alford Lloyd mjini London. Hata hivyo matangi mengi ya nyumbani yalikuwa makaburi. Mnunuzi alijaza maji, akapanga mawe na mwani, kisha kwa furaha ya siku ya kwanza akatia kila alichokipata: anemoni, kaa, kamba, samaki. Baada ya siku chache maji yaligeuka maziwa, yakanuka, na kilichokuwa hai kikaanza kufa kimoja baada ya kingine. Mwenye tangi alijiuliza kama hewa ilikuwa haba, au mwani haukutosha. Mara nyingi jibu lilikuwa mahali ambapo kanuni ya Warington haikufika.

Kanuni ile ilisema kweli, ila haikusema yote. Samaki hatoi hewa ya kaboni tu. Kupitia matamvua yake hutoa amonia, na mabaki ya chakula na viumbe vilivyokufa huongeza amonia hiyohiyo wakati yanapooza. Katika bahari iliyo wazi sumu hiyo hupotea katika wingi wa maji. Katika tangi haina pa kwenda. Mwani huitumia kiasi fulani, lakini tangi jipya lililojaa wanyama huizalisha kwa kasi isiyoweza kuhimiliwa na mwani.

Fumbo hilo lilianza kufumbuliwa na watu wasiokuwa na haja na samaki. Mwaka 1877 wanasayansi wawili wa Ufaransa, Schloesing na Müntz, walipitisha majitaka polepole katika bomba refu lililojazwa mchanga na chokaa. Siku zilipita bila mabadiliko. Baada ya siku 20 hivi, amonia ilianza kugeuka nitrati. Kama lingekuwa tendo la kikemia tupu, walisema, lingeanza siku ya kwanza. Walipotia mvuke wa klorofomu, ambayo huwalaza viumbe hai, badiliko lilikoma. Walipoongeza maji yaliyosuza udongo mbichi, likarudi. Kazi hiyo, basi, ilikuwa ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, na viumbe hao walihitaji muda kuzaana.

Huko Uingereza, aliyeichukua hoja hiyo na kuiendeleza alikuwa mkemia wa kilimo katika kituo cha utafiti cha Rothamsted. Jina lake lilikuwa Robert Warington, mwana wa yule Warington wa samaki wa dhahabu. Alithibitisha matokeo ya Wafaransa, kisha katika miaka ya utafiti iliyofuata akaonyesha kwamba safari ya amonia ina hatua mbili zenye watendaji tofauti: kwanza amonia huwa nitriti, kisha nitriti huwa nitrati. Hakufanikiwa kuwatenga viumbe wenyewe. Sifa hiyo kubwa iliangukia zaidi kwa Mrusi Sergei Winogradsky, aliyekuwa Zürich, mwaka 1890. Hata hivyo hadithi ya nyumba ile ya Warington inatosha kumfanya mtu atafakari. Baba aliweka mezani chombo chenye mmea, mnyama na konokono, akaamini kwamba amewahesabu wakazi wote. Mwana, akichunguza udongo wa mashamba, alisaidia kugundua mkazi wa nne aliyekuwa akifanya kazi katika mchanga wa chombo kile muda wote.

Mtu anayeanza tangi la maji ya bahari leo hurudia jaribio la mwaka 1877 sebuleni kwake, ajue asijue. Hutengeneza maji yenye chumvi ya gramu 35 hivi kwa kila kilo, huyapasha joto la nyuzi 25 hivi, huweka mchanga na mawe, huwasha pampu, kisha hutia chanzo kidogo cha amonia bila ya samaki. Halafu hungoja. Akipima maji huona amonia ikipanda kisha ikishuka. Nitriti hupanda nyuma yake, nayo hushuka. Mwishoni hubaki nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi na ambayo hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Kwa kawaida hayo huchukua wiki nne hadi sita. Amonia na nitriti zikisha kuwa sifuri, ndipo huingia samaki mmoja au wawili wavumilivu, na wengine hufuata mmoja mmoja kwa wiki kadhaa, kwa kuwa idadi ya bakteria hulingana na chakula wanachokipata na haiwezi kuongezeka kwa usiku mmoja. Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika tangi mambo ni kinyume. Asiyekuta mwenyeji nyumbani hafiki asubuhi.

Elimu hiyo ilichelewa sana kuvuka kutoka shambani hadi sebuleni. Baadhi ya watu waliikaribia kwa njia ya mazoea. Gosse aliwafundisha wasomaji wake kuchukua mwani pamoja na kipande cha jiwe ulikoota, kwa sababu mwani uliong'olewa hufa. Pamoja na jiwe lile walikuja, bila ya mtu kujua, bakteria wenyewe. Lloyd, alipojenga tangi kuu la Crystal Palace lililofunguliwa mwaka 1871, aliweka chini ya jengo hifadhi ya maji yenye giza, kubwa kuliko matangi yote ya maonyesho, na maji yakazungushwa bila kukoma. Aliitetea kwa hoja za hewa na usafi. Leo inaeleweka pia kwamba maji mengi na kuta nyingi ni makazi mengi ya bakteria. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta aliandika katika jarida moja la Marekani kuhusu matangi yake yasiyo na mitambo mikubwa: maji halisi ya bahari, viputo vya hewa, na mawe yaliyotolewa hai kutoka kwenye miamba ya matumbawe. Mawe hayo, ambayo baadaye yaliitwa mawe hai, yakawa msingi wa ufugaji wa matumbawe majumbani.

Na deni la bahari lililipwa kidogo. Mwaka 2005 watafiti walitangaza kwamba katika tangi la Seattle Aquarium wamempata kiumbe mdogo mwingine, asiye bakteria bali wa kundi la akea, ambaye huishi kwa kuigeuza amonia kuwa nitriti. Alipewa jina *Nitrosopumilus maritimus*. Jamaa zake wametapakaa kwa wingi katika bahari kuu za dunia, na sehemu kubwa ya mzunguko wa nitrojeni baharini hupitia kwao. Kioo kilichotengenezwa ili kuiga bahari kikawa mahali pa kujifunza jinsi bahari yenyewe inavyofanya kazi.

Lakini katika historia hii kuna mwana wa pili, na ushuhuda wake si wa maabara. Edmund Gosse, mwana wa Philip, alikuwa mwandishi. Katika *Father and Son*, kitabu cha mwaka 1907 kuhusu malezi yake, alikumbuka vidimbwi vya mwambani vya utoto wake, ambamo yeye na baba yake waliinama wakati wa maji kupwa kutazama anemoni na mwani. Aliandika kwamba uzuri ule ulikuwa umekwisha. Wasomaji wa vitabu vya baba yake walishuka pwani wakiwa na patasi na ndoo, wakabandua, wakabeba, na kilichokufa tangini wakarudi kukitafuta tena. Philip Gosse aliipenda bahari kwa moyo wote, na mapenzi hayo, yalipofundishwa kwa maelfu, yaliidhuru. Kila tangi lililoharakishwa lilirudi kudai pwani iwajaze wafu wake.

Hapo historia ya Devon inagusa pwani ya Waswahili. Samaki wengi wa bahari wanaouzwa kwa mapambo hawakuzaliwa kizimbani, wamevuliwa miambani. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazowauza nje. Mzamiaji huwafuata kwa wavu mdogo wa mkono katika miamba iliyo nje ya hifadhi, maana katika hifadhi za bahari kama za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, uvuvi umekatazwa. Kangaja wa buluu mwenye uso mweusi hushindishwa njaa ili asichafue maji, hufungwa katika mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, husafirishwa kwa ndege, na njiani amonia yake humzidia ndani ya mfuko. Akifika Ulaya au Marekani huuzwa kwa bei isiyolingana hata kidogo na malipo ya aliyemvua. Akitiwa katika tangi la wiki moja, hukutana na sumu ileile aliyoiacha mfukoni, na safari hii hakuna anayemtoa.

Kwa msomaji mwenye asili ya pwani anayeishi London, Muscat au Minneapolis, na anayemtambua samaki huyo kwa jina alilolisikia kwa wavuvi wa kwao, swali la tangi jipya lina uzito wake. Kulipendezesha tangi ni rahisi, maduka yamejaa. Uzito uko katika zile wiki nne au sita ambazo kioo huonekana kitupu, wageni huuliza samaki wako wapi, na kazi yote hufanywa na wasioonekana. Warington mwana alieleza kwa nini wiki hizo haziwezi kufupishwa kwa tamaa. Gosse mwana alieleza nani hulipa zinapofupishwa. Mwaka 1907, kitabu cha Gosse kilipotoka, ndio mwaka aliofariki Warington. Majibu yao mawili yalikuwa tayari duniani, kila moja katika rafu yake, na anayejaza tangi leo ana nafasi ya kuyasoma pamoja kabla hajaenda dukani kuchagua samaki.