Gesi Haiishi: Chimbuko la Mazoea ya Kujaza AC ya Gari

AC ya gari ikianza kutoa upepo wa vuguvugu, mara nyingi hukumu hutolewa kabla boneti haijafunguliwa: gesi imeisha, ijazwe. Neno hilo, “imeisha”, limeazimwa kwenye petroli, na kosa linaanzia hapo. Petroli huungua ikaisha. Gesi ya AC haiungui wala hailiwi na chochote. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa huikandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta huitoa joto, kisha hutanuka na kupoa ndani ya evapureta nyuma ya deshibodi, ikarudi ilikoanzia. Ikipungua, ina mahali ilipotokea. Hata hivyo si haki kudai kwamba mazoea ya kujaza bila kutafuta tundu yameletwa na uvivu wa mafundi. Mazoea hayo yana historia, na kuna kipindi yalikuwa na hesabu nzuri nyuma yake. Ninachodai ni kwamba kipindi hicho kimepita, nasi tumebaki na mazoea matupu.

Packard ya Marekani ndiyo kampuni iliyotangulia kuuza magari yenye AC ya kiwandani, katika matoleo ya mwaka 1940. Mtambo wake ulimeza sehemu kubwa ya buti, na kompresa haikuwa na klachi, hivyo aliyetaka kuizima kabisa ilimpasa afungue boneti na kuvua mkanda. Mwaka 1954 kampuni ya Nash iliukusanya mtambo mzima upande wa mbele wa gari, na mpangilio huo ndio tunaoujua hadi leo. Lakini ulibeba udhaifu ambao friji ya nyumbani haina. Ndani ya friji, mota na kompresa vimefungiwa pamoja katika chungu cha chuma kilichochomelewa, ndiyo maana friji huweza kukaa miaka mingi bila kuongezwa gesi. Kompresa ya gari huzungushwa na injini, kwa hiyo shafti yake lazima itokeze nje, na pale inapotokeza pamezibwa kwa sili tu. Injini nayo hutikisika, hivyo mabomba hayana budi kuunganishwa kwa hosi za mpira. Sili huchakaa, na mpira hupitisha gesi kidogo kidogo. Fundi wa zamani aliyezoea kuongeza gesi aliukuta mtambo uliozaliwa ukivuja.

Gesi yenyewe ilimpa sababu ya kutojali. R-12, iliyobuniwa mwaka 1928 na Thomas Midgley na wenzake, ilikuwa faraja kubwa kwa watu waliozoea amonia na salfa dioksaidi ndani ya friji. Haikuwaka, haikuwa na harufu kali, na bei yake ilikuwa nafuu. Magari mengi ya wakati ule yalibeba kilo moja au zaidi, kwa hiyo upungufu mdogo haukuhisiwa. Kuongeza kidogo kila msimu wa joto kulikuwa nafuu kuliko kung’oa deshibodi, na huko Marekani mwenye gari aliweza kununua kopo dukani akajaza mwenyewe. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwa sharti moja tu, kwamba gesi iliyotoroka haimdhuru mtu. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za aina hiyo hupanda juu na kuliharibu tabaka la ozoni. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza jinsi tabaka hilo lilivyopungua juu ya Antaktika, na mwaka 1987 ikatiwa saini Itifaki ya Montreal. Nchi tajiri zilitakiwa kuacha R-12 ifikapo 1996, na nchi zinazoendelea ifikapo 2010.

R-134a iliyoshika nafasi yake haikuja kama gesi ile ile kwa jina jipya. Haichanganyiki na oili ya zamani, chembe zake ni ndogo zaidi, na midomo ya kujazia ilibadilishwa makusudi ili hosi za R-12 zisiingie. Kiasi nacho kilipungua: magari mengi madogo ya leo hubeba takribani nusu kilo. Kosa la gramu 100 sasa ni moja ya tano ya gesi yote. Tena kuzidisha huondoa ubaridi kama kupunguza. Feni iliyochoka, kondensa iliyojaa vumbi, klachi isiyoshika na kichujio kilichoziba vyote huleta malalamiko yale yale, na hakuna kati yake kinachoponywa na gesi. Geji hutenganisha mengi ya hayo kwa dakika chache. Pande zote mbili, yaani wa shinikizo la chini na wa shinikizo la juu, zikisoma chini, gesi huenda ni haba. Zote zikisoma juu, imezidi au kondensa haipati hewa. Upande wa chini ukipanda na wa juu ukashuka, kompresa imechoka.

Wapo watakaosema kwamba kila gari hupoteza gesi kidogo kwa miaka. Ni kweli, lakini gari lililojazwa Desemba likatoa joto Februari lina tundu. Wengine watasema mteja hana fedha ya kutafuta. Hoja hii ina uzito, hasa tundu likiwa kwenye evapureta. Lakini gesi inapotoka huondoka na oili, na kompresa inayokosa oili hufa, nayo ni ghali kuliko oringi. Mteja aelezwe hayo, kisha achague mwenyewe. Na kwa fundi asiye na vifaa vya kisasa, povu la sabuni bado hufichua mivujo mikubwa.

Gesi ya tatu inakuja na bei isiyovumilia mazoea ya zamani. Mwezi Oktoba 2016, mjini Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za kundi la R-134a, ambayo kwa miaka 100 huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito ule ule wa kaboni dioksaidi. Katika Umoja wa Ulaya, magari mapya hayaruhusiwi kuitumia tangu 2017, na mengi hutumia R-1234yf, iliyo ghali zaidi na inayoweza kuwaka. Magari yetu mengi ni yaliyotumika kwingine, kwa hiyo gesi hiyo itatufikia ikiwa tayari ndani ya mabomba yake. Gereji zianze sasa na neno. Fundi anayesema “imeisha” hufuata mtungi. Anayesema “inavuja” hana budi kuonyesha ni wapi.