Neno la leo: Udumavu

Mkulima husema mahindi yamedumaa: yako hai, ila hayarefuki. Kutoka kudumaa tukapata udumavu, kama kulegea kulivyozaa ulegevu. Kwa mtoto, kliniki huutambua kwa ubao wa kupimia urefu, si kwa mizani; mtoto mwenye mashavu ya kujaa naye aweza kuwa amedumaa.

Tusiuchanganye na njaa. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022 ulikuta kuwa Iringa, mkoa unaovuna mahindi kwa wingi, zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Gunia limejaa, bakulini uji mweupe mtupu, bila maharage wala dagaa. Mama yuko shambani, hana muda wa kumlisha mtoto, na kuhara kwa mtoto hakukomi.

Mahindi hutiwa mbolea yakainuka. Mtoto akishapitwa na siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba, hainuki kirahisi.