Msimamizi wa Kanzidata Husimamia Nini?

Katika matangazo ya kazi za TEHAMA hatajwi kwa jina refu, huandikwa kwa herufi tatu tu: DBA. Kwa Kiswahili ni msimamizi wa kanzidata. Wapo wanaoandika hifadhidata, neno linaloonekana zaidi katika tafsiri za programu za kompyuta, lakini Tanzania, hasa katika taarifa za Serikali, kanzidata limeshika mizizi. Yote mawili yanafaa. Mimi natumia kanzidata kwa sababu kanzi ni hazina, na hazina huwekwa ili ipatikane siku inapohitajika.

Neno msimamizi wengi wetu tunalijua kutoka mahakamani. Msimamizi wa mirathi hakabidhiwi mali iwe yake. Anaikusanya, anaiorodhesha, anailinda, anawafikishia wenye haki, kisha anatoa hesabu. Msimamizi wa kanzidata yuko vivyo hivyo: data anazozilinda ni za wateja, wagonjwa, wanafunzi na walipa kodi, naye anawajibika zisipotee, zisiharibike na zisionwe na asiyehusika. Jina hili linamfaa kuliko meneja.

Ujuzi wake wa kwanza ni kuzielewa data zinavyokaa. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alichapisha pendekezo kwamba data zipangwe katika majedwali yanayohusiana, na anayeuliza aseme anataka nini bila kujishughulisha na mahali kilipowekwa. Kutokana na wazo hilo ilizaliwa SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, ambayo hadi leo ndiyo chakula cha kila siku cha kazi hii. Kuiandika SQL hakutoshi. Msimamizi hodari anajua pia mashine italitekelezaje swali ililoulizwa.

Chukua jedwali lenye wateja milioni 10. Mtu anatafuta mmoja kwa namba ya simu. Kama safu ya namba za simu haina faharasa, yaani orodha iliyopangwa inayoonyesha kila namba iko mstari gani, mashine itapitia mistari yote milioni 10. Ikiwekwa faharasa, itafika kwa hatua chache, mara nyingi tatu au nne. Msimamizi akiitumia amri ya EXPLAIN, ataona kabla ya kuuliza kama mashine inakusudia kupitia jedwali zima au kufuata faharasa. Lakini hawezi kuweka faharasa kila mahali, kwa kuwa kila data mpya inapoingia faharasa zote zinazoihusu lazima zisasishwe, na uandishi unakuwa mzito. Kupima hapo ndipo penye ufundi.

Kuna pia muamala, neno ambalo watumiaji wa M-Pesa wamelizoea tangu huduma hiyo ianze Kenya mwaka 2007. Fedha zikitoka kwa mtumaji lazima ziingie kwa mpokeaji. Umeme ukikatika katikati, yote mawili yafutwe, kana kwamba hakuna kilichofanyika. Kanzidata ndiyo inayotoa dhamana hiyo, na msimamizi anapaswa kujua inatolewaje na ni mipangilio gani inayoweza kuivunja.

Hata hivyo, ujuzi ninaouweka juu ya vyote ni kurejesha data zilizopotea. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za wasanidi wa programu duniani kote, alikuwa akihangaika kurekebisha seva ya akiba. Akatoa amri ya kufuta data, kumbe yuko kwenye seva kuu. Alipoisimamisha amri hiyo baada ya sekunde chache, katika takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki chini ya 5. Wakakimbilia nakala rudufu na kukuta zile za kila siku hazikuwa zikitengenezwa, kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa toleo lisilolingana na la kanzidata. Barua pepe za kuonya nazo zilikuwa zikikataliwa bila mtu kujua. Kilichowaokoa ni nakala aliyoichukua mhandisi huyohuyo saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Data zilizoingizwa kwenye kanzidata katika saa hizo 6 zilipotea. Kampuni ilieleza yote hadharani na ikatafuta kasoro katika utaratibu wake badala ya kumtwisha mtu mmoja lawama, na kwa hilo nawaheshimu.

Sasa wasanidi wa programu, au madevelopa kama wanavyoitwa maofisini. Hawa wanalipwa kuleta mabadiliko. Msimamizi analipwa ili mfumo usitetereke. Mvutano ni wa lazima. Kinachoumiza ni mazoea ya kumwita msimamizi wakati mfumo umeshakwama. Msanidi ameandika programu inayoonyesha oda 200, na kwa kila oda inarudi kwenye kanzidata kuuliza jina la mteja: maswali 201 badala ya moja. Kwenye kompyuta yake yenye data za majaribio mambo yanaenda upesi, ila wateja elfu moja wakifungua ukurasa huo kwa pamoja, seva inaelemewa. Msimamizi anayejibu kwa ukali "msiguse kanzidata yangu" hajasaidia, na hiyo "yangu" yenyewe si kweli. Anayeketi na msanidi, akamwonyesha maswali yale 201 yanavyoingia na jinsi ya kuyaunganisha, amepata mwenzake wa kudumu. Kwa hiyo ajifunze kusoma lugha ya programu wanayotumia wasanidi, akae nao majedwali yanapochorwa, na kila badiliko la muundo lipitiwe na watu wawili na kujaribiwa kwenye seva ya majaribio. Msanidi naye akubali kwamba hahitaji ruhusa ya kufuta data za wateja ili afanye kazi yake. Siku hizi ni suala la sheria pia: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Wewe unayeongoza ofisi yenye kanzidata, usimuulize msimamizi wako kama nakala rudufu zipo. Muulize ni lini mara ya mwisho aliirejesha moja kwenye seva tupu, na ilichukua muda gani. Asipokuwa na jibu, mpe seva hiyo na muda wa kujaribu wiki hii.