Kaburi la Nyeri lisilo na sura

Kila Februari skauti humiminika Nyeri, skafu shingoni, kuadhimisha Siku ya Mwanzilishi kwenye kaburi la Robert Baden-Powell, aliyezaliwa tarehe 22 mwezi huo, mwaka 1857. Anayetarajia sanamu ya mzee mwenye kofia pana hataiona. Kwenye jiwe, pamoja na jina, pamechongwa duara lenye nukta katikati. Skauti wote wanaijua alama hiyo ya njia: nimekwenda nyumbani.

Historia ya mwenyewe inajulikana: uanajeshi, kambi ya kwanza kisiwani Brownsea mwaka 1907, nyumba ya Paxtu katika Hoteli ya Outspan, kifo Januari 8, 1941.

Kuacha sura si jambo la kaburi hilo peke yake: enzi za uhai wake, wachongaji wa Ulaya nao walikuwa wameanza kuikimbia. Mwaka 1912 jijini Paris, Constantin Brancusi alimchonga Margit Pogány kwa marumaru nyeupe: macho makubwa, mikono shavuni, kwingine kote mviringo mtupu. Nakala ya plasta ilipoonyeshwa New York mwaka uliofuata, watu walicheka wakasema ni yai.

Lakini sura kamili ina taabu zake. Mjini Poole, Uingereza, Baden-Powell ana sanamu yake, ameketi akiitazama Brownsea. Juni 2020, siku chache baada ya waandamanaji kuitosa majini sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa, kule Bristol, halmashauri ya eneo hilo ilitangaza kuiondoa hii kwa muda, ikihofia itashambuliwa. Wapinzani walimwita mbaguzi aliyevutiwa na Hitler. Wenyeji na skauti wa zamani wakaja kumlinda, wengine wakapiga hema papo hapo. Mwishowe sanamu ikazungushiwa mbao. Duara la Nyeri halikuguswa na mtu.

Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau na mzaliwa wa Nyeri hii hii, mambo yake ni kinyume. Alinyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957. Miaka 50 baadaye, siku iyo hiyo, Rais Mwai Kibaki alizindua sanamu yake jijini Nairobi, kazi ya Kevin Oduor: rasta, bunduki, kisu, sura yote. Kaburi ndilo halipo. Mwaka 2019 wakfu wenye jina lake ulitangaza kuwa limepatikana, serikali ikakana. Mjane wake, Mukami, alifariki Mei 2023 akiwa bado anadai mifupa ya mumewe.

Mgeni tumemtunzia kaburi, na ni vyema. Shujaa wetu tumempa shaba barabarani, tukadhani deni limekwisha. Halijakwisha: serikali ifungue kumbukumbu za Kamiti, imtafute, imrudishe kwao.